Barua ya wazi: Chai yetu, vita vya Sudan na njia ambayo Kenya imechagua

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mawaziri na Waziri wa Mambo ya Nje,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Shimanzi, Mombasa. Huku ndiko chai ya Kenya, pamoja na ya majirani wanaouza kupitia mnada wa Mombasa, hukaa baada ya kutoka viwandani na kabla ya kupanda meli. Kazi yangu ni ya ghala: kupokea mzigo, kupima, kupanga, kuweka alama za mnunuzi na kujaza makontena. Sikusomea diplomasia. Lakini mwezi Machi 2025 diplomasia ilitufuata humu ghalani ikasimamisha kazi, na hadi leo sijasikia kiongozi akitueleza ni hesabu gani iliyopigwa kabla ya uamuzi ule kufanywa.

Tukio lenyewe mnalijua. Tarehe 18 Februari 2025, viongozi wa RSF, kikosi chenye silaha kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikusanyika katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Siku chache baadaye, hapohapo Nairobi, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao, kando na ile ya mkuu wa jeshi la Sudan, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Serikali ya Burhan, ambayo wakati huo ilikuwa ikifanyia shughuli zake Port Sudan, ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya. Chai ndiyo iliyoumia kwanza, maana chai ndiyo Sudan iliyokuwa ikinunua kwetu kwa wingi.

Nawaeleza marufuku inavyoonekana kwa anayeishika kwa mikono. Chai huletwa katika mifuko mikubwa ya karatasi iliyopangwa juu ya paleti, na kila mfuko una jina la kiwanda, daraja la chai, uzito na namba ya shehena. Ikishanunuliwa mnadani, mnunuzi huichanganya na chai za viwanda vingine kwa kipimo ambacho soko lake limekizoea, kisha huipiga chapa ya soko hilo. Chai iliyochanganywa kwa ajili ya Sudan haigeuki kesho ikawa ya Pakistan. Ladha ni nyingine, rangi kikombeni ni nyingine, bei ni nyingine, na maandishi ya Kiarabu yamekwisha kuwekwa. Marufuku ilipotangazwa kulikuwa na makontena baharini, kulikuwa na yaliyofika Port Sudan yakisubiri kutolewa, na kulikuwa na yaliyobaki huku yamefungwa lakiri. Iliyokuwa bado sakafuni ikaanza kula joto la Mombasa. Chai hunyonya unyevu na harufu. Kila wiki inayolala hupoteza kitu ambacho mwonjaji atakitambua kwa funda moja. Ada ya ghala inaendelea kuhesabiwa. Mnunuzi aliyekopa benki anaendelea kulipa riba. Vibarua wa kupakia, ambao malipo yao ni ya siku kwa siku, wanafika alfajiri, wanakaa langoni hadi jua liwe kali, kisha wanarudi Majengo na Changamwe mikono mitupu.

Na sisi wa ghala ndio tulioumia kidogo. Zaidi ya nusu ya chai ya nchi hii huchumwa na wakulima wadogo, kuanzia Kisii na Kericho hadi Murang'a na Meru. Mkulima hulipwa kidogo kwa kilo ya majani mabichi anayopeleka kituoni, na kilichobaki hukisubiri kije kama bonasi ya mwaka. Bonasi hiyo ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka. Ukubwa wake hutoka mnadani, na mnada ni watu wanaoshindana kununua. Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa wa chai. Akitoka mmoja wa hao, waliobaki hawana sababu ya kupandisha bei.

Nije kwa hoja ya Serikali, maana ina uzito na sitaki kuipita kando. Mlisema Kenya ilitoa jukwaa tu la mazungumzo, na kwamba nchi yetu ina historia ndefu ya kuwapokea wanaopigana ili wazungumze. Historia hiyo ni ya kweli, nami naionea fahari. Pia ni kweli kwamba amani haiwezi kutafutwa kwa kuzungumza na watu wema peke yao. John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa kusini mwa Sudan, alikuwa mwasi mbele ya Khartoum, na Kenya ilimkaribisha.

Ila tukumbuke alikaribishwaje. Mazungumzo ya Machakos ya mwaka 2002 yalifanyika chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Mezani palikuwa na ujumbe wa SPLM, chama cha Garang, na ujumbe wa Serikali ya Khartoum. Kutoka Machakos walihamia vituo vingine hadi Naivasha, wakabishana kuhusu mafuta, mipaka, jeshi na dini, kwa miaka. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba ulitiwa saini Nairobi, pande zote mbili zikiwepo, viongozi wa Afrika wakishuhudia. Katika safari hiyo yote Kenya haikuwa na upande, na Khartoum haikuacha kunywa chai yetu. Sudan Kusini iliyozaliwa mwaka 2011 kutokana na mkataba ule leo ni mteja wa bandari ya Mombasa. Huo ndio usuluhishi uliotupatia jina.

KICC ya Februari 2025 ilikuwa na upande mmoja tu. Lililokusudiwa pale halikuwa kusimamisha vita. Lilikuwa kuunda utawala wa pili ndani ya nchi ambayo imekuwa vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi mmoja tu kabla yake, Marekani ilikuwa imetamka rasmi kwamba RSF wametenda mauaji ya kimbari, na mwezi huohuo ikamwekea vikwazo Burhan pia. Hakuna msafi katika vita hivi, na ndiyo sababu mpatanishi alihitaji kuwa makini zaidi kuliko wakati wowote. Agosti 2025 serikali ile iliyoasisiwa Nairobi iliapishwa Nyala, Darfur. Oktoba mji wa El Fasher ukaanguka mikononi mwa RSF, na dunia ikaona yaliyowapata raia wake. Sisemi Kenya ndiyo iliyofyatua risasi. Nasema karatasi ya utawala ule ina jina la mji mkuu wetu, na Wasudani wa pande zote watalikumbuka hilo.

Kuna jambo jingine linaloniuma kama Mkenya. Tarehe 21 Februari 2022, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama mbele ya Baraza la Usalama siku ambayo Urusi ilitambua majimbo mawili ya Ukraine kuwa nchi huru. Aliwakumbusha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni bila kutuuliza, na kwamba hata hivyo tulikubali kuishi nayo kwa sababu kuifukuzia mipaka mipya kungetuletea vita visivyo na mwisho. Nchi ndogo na kubwa zilimsikiliza. Hatukuwa na manowari wala mabilioni pale. Tulikuwa na msimamo unaoeleweka. Miaka mitatu baadaye, karibu siku ileile, Nairobi ikawa ukumbi wa kuchora utawala wa pili wa jirani. Yule aliyetusikiliza mwaka 2022 atuelewe vipi?

Na sisi wenyewe tulipatanishwa. Mwaka 2008 nchi hii ilipokuwa ikiungua, Kofi Annan alikuja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, wakawakalisha Mwai Kibaki na Raila Odinga hadi wakatia saini tarehe 28 Februari. Hebu fikirini kama wakati ule nchi jirani ingeupa upande mmoja ukumbi wake ili utangaze serikali yake huko. Tungemwita jirani huyo nani? Tungeendelea kununua bidhaa zake?

Najua Sudan haiko peke yake katika orodha hii. Desemba 2023 Corneille Nangaa alizindua muungano wake wa waasi wa Kongo akiwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Agosti 2025 Kenya ikatangaza balozi mdogo wa Goma wakati mji huo uko mikononi mwa waasi wa M23, na Kinshasa ikalalamika tena. Kongo ni nchi ambayo benki zetu kubwa mbili, Equity na KCB, zimewekeza fedha nyingi kununua benki huko. Ni jamaa zetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na upande wao wa mashariki wanazungumza lugha hii ninayoandikia. Kuhusu Sahara Magharibi, Septemba 2022 tulifuta utambuzi wetu wa eneo hilo kuwa nchi kupitia mtandao wa kijamii siku moja baada ya Rais kuapishwa, ujumbe ukaondolewa, Wizara ikatoa waraka wa kusema vingine, na Mei 2025 tukaunga mkono mpango wa Morocco wa kulipa eneo hilo mamlaka ya ndani chini yake. Mtu anaweza kutetea msimamo wowote kati ya hiyo. Kuitetea yote kwa pamoja haiwezekani.

Tena kuna kura ya Addis Ababa. Tarehe 15 Februari 2025 mgombea wetu wa uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, marehemu Raila Odinga, mtu anayejulikana bara zima, aliongoza raundi ya kwanza kisha akashindwa na Mahamoud Ali Youssouf wa Djibouti katika raundi ya saba. Kura ni ya siri na sababu ni nyingi, lugha na dini zikiwemo. Lakini kura za Afrika huombwa kwa majirani kwanza, na jirani aliyenuna haombeki.

Waheshimiwa, nikitazama miaka hii michache naona njia tatu zinazogombania usukani wa nchi yetu, na naona tunazishika zote kwa zamu bila kuwaambia wananchi.

Njia ya kwanza ni ya kuegemea mkubwa. Mwaka 2024 Marekani ilitupa hadhi ya mshirika wake mkuu nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata, na polisi wetu wakaenda Haiti. Faida zipo: vifaa, mafunzo, sauti Washington. Viwanda vya nguo vya Athi River na vya hapa Mombasa vimeishi kwa AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, tangu mwaka 2000. Lakini AGOA ni sheria ya Bunge la nchi nyingine, na Bunge hilo likiamua kuikata halitatuuliza. Ile hadhi yenyewe, haujapita hata mwaka na nusu, tayari seneta mmoja mkubwa wa Marekani alikuwa akidai ipitiwe upya kwa sababu Rais wetu alikwenda Beijing. Kwa upande wa Beijing nako, reli inayopita Miritini, iliyojengwa kwa mikopo ya China, na madeni yake yanatusubiri. Mkubwa yeyote ana mambo yake, na mambo yake hubadilika kila uchaguzi wake.

Njia ya pili ni ya manufaa ya papo kwa papo: anayeleta mkopo, mafuta au soko ndiye rafiki. Siidharau njia hii, na hapa pwani hatuwezi kuidharau, maana Ghuba ni jirani yetu tangu enzi za majahazi. Maelfu ya vijana wetu wanafanya kazi huko, na fedha wanazotuma Wakenya wa ughaibuni zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Umoja wa Falme za Kiarabu hununua chai yetu pia. Tarehe 14 Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba wa kibiashara na nchi hiyo huko Abu Dhabi. Mkataba huo unaweza kuwa mzuri. Lakini Sudan inaituhumu nchi hiyohiyo kuwapa RSF silaha, tuhuma ambayo yenyewe imeikana, na mwezi mmoja baada ya saini ya Abu Dhabi RSF walikuwa KICC. Mwananchi akiziweka tarehe hizo mbili pamoja atauliza swali, na Serikali inayonyamaza inamwachia ajijibu mwenyewe. Kama hakuna uhusiano, semeni kwa uwazi. Kama upo, semeni pia, tujue ni shilingi ngapi tulizopata na ngapi tulizopoteza.

Njia ya tatu ni ya majirani kwanza. Ndiyo ninayoitetea, na siitetei kwa sababu ya upole. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Uganda ndiye mteja mkubwa wa bidhaa zetu barani, na zaidi ya nusu ya mizigo inayopita bandari hii kwenda nchi nyingine ni ya Waganda. Mwaka 2023 walipochoka na namna tulivyokuwa tukiwaletea mafuta, waliamua kuagiza wenyewe, wakatushtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki tulipowazuia. Hawakukosa mahali pengine pa kutazama. Dar es Salaam haiko mbali, na Tanzania inajenga reli. Lori linaloondoka Mombasa kwenda Kampala, Juba au Goma hulisha dereva, turnboi, mama wa mgahawa wa Mtito Andei, fundi wa matairi wa Mariakani na mwenye nyumba ya kulala wageni Malaba. Mkataba wa Washington au wa Abu Dhabi haujawahi kugawa riziki kwa watu wengi hivyo njiani.

Njia hii ina ugumu wake, sikatai. Majirani nao wana makosa yao, wengine hufunga mipaka kwa mayai na maziwa yetu bila sababu ya maana, na kuna wanaowafukuza au kuwashika raia wetu. Kuwatanguliza majirani hakumaanishi kuwanyamazia. Kunamaanisha kwamba kabla ya kufanya jambo linalohusu vita vya jirani tunauliza litampata nani huko na nani hapa kwetu, na kwamba hatuuzi nafasi yetu ya upatanishi kwa bei ya mkopo mmoja. Nafasi ile ilijengwa na watu kama Sumbeiywo na Bethuel Kiplagat kwa miongo, na imechangia kuyavuta mashirika ya kimataifa Nairobi pamoja na ajira zake. Hata mtu asiyejali kitu ila hela angeitunza.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba yaandikwe.

Kwanza, kundi lolote lenye silaha kutoka nchi jirani lisipewe ukumbi wa shughuli za kisiasa katika ardhi ya Kenya isipokuwa upande wa pili umealikwa pia, na IGAD, Jumuiya yetu au Umoja wa Afrika umetoa idhini. Wakija kutibiwa, waje. Wakija kuzungumza na wenzao, waje. Wakija kuunda serikali, watafute mahali pengine.

La pili ni Bunge. Katiba ya 2010 imesema wananchi washirikishwe, na sheria ya mwaka 2012 inataka mikataba ipite Bungeni. Suala la Haiti lilifika Mahakama Kuu, na Januari 2024 ikaamua kwamba namna ile ya kuwapeleka polisi haikufuata sheria. Ikabidi mrudi kutengeneza makubaliano upya. Mngeanzia Bungeni msingefika huko. Waheshimiwa wa Kamati, hili nawaelekezea ninyi zaidi kuliko Rais. Mlikuwa na nguvu ya kuwaita mawaziri mara moja Februari 2025 na kuuliza mbele ya kamera: nani aliidhinisha KICC, kwa maslahi gani, na Wizara ya Kilimo iliulizwa? Sera ya mambo ya nje iliyochapishwa mwaka 2014 iliiweka diplomasia ya amani na ile ya uchumi kuwa nguzo. Nguzo hizo mbili ziligongana waziwazi, na mlipaswa kuuliza ni nani aliyezigonganisha.

Jambo jingine ni hesabu. Kila uamuzi mkubwa wa nje uje na karatasi inayoonyesha ni bidhaa gani itaguswa, kaunti gani, na nani atafidiwa. Wenye magari, wakulima wa chai, wauza nje, bandari na benki zilizoko Kongo waitwe kabla, wasisikie redioni. Wafanyabiashara wadogo wa chai waliokwama na mzigo wa Sudan walijibebea hasara ya uamuzi wasioufanya. Wapewe nafuu ya ushuru na ya mikopo. Kama Serikali inaamini uamuzi ule ulikuwa kwa manufaa ya taifa, basi taifa ndilo lililipe.

Na Sudan yenyewe isiachwe. Zaidi ya watu milioni 10 wamehama makwao katika vita vile. Wanawake wanaouza chai kando ya barabara za Khartoum walikuwa wakichemsha majani yaliyopita mikononi mwetu hapa Shimanzi. Wengi wao sasa ni wakimbizi, na hakuna aliyewauliza ni jenerali yupi wanayemtaka. Tumeni mjumbe anayekubalika na pande zote, mtu mzima mwenye heshima yake, aende Khartoum na kwingineko akasikilize kabla ya kusema. Itachukua muda mrefu, na mlango wa kwanza utafungwa usoni pake. Machakos nako milango ilifungwa.

Sitaki jibu la msemaji wa Serikali kwenye mtandao. Nataka Mkuu wa Mawaziri aende mbele ya Kamati, kikao kiwe wazi, na aseme kwa maandishi Kenya inafuata ipi kati ya njia hizi tatu, ni nani aliyeufungua mlango wa KICC, na sababu alizopewa.

Wenu,
Mfanyakazi wa ghala la chai, Shimanzi, Mombasa